Mstari wa Unga na Sukari

Mwaka ule tulikula viazi vitamu mpaka watoto wakaanza kuvikimbia. Viazi na strungi, chai isiyo na maziwa, asubuhi, viazi na strungi jioni, na hiyo strungi sukari yake ilikuwa ya jina tu. Sisi wa Kitale, tunaolisha nchi, tulikuwa tumeuza mahindi yakiwa bado na maji ndani, kwa sababu karo ya shule haingoji yakauke. Ikafika mwezi wa sita tukapanga foleni dukani kununua unga wa pakiti kama watu wa mjini. Mtu akikwambia alikula ugali kila siku mwaka ule, ama alikuwa mwizi ama anakudanganya. Ndio mwaka Daktari alipanga bajeti yake ya mwisho kwenye meza yangu.

Ninasema Daktari lakini si wa sindano. Alikuwa wa vitabu, mwalimu wa chuo, na alikodi vyumba viwili nyuma ya nyumba yangu kwa miaka mingi, hata wengine wakafikiri ni wifi yangu. Jina lake ninalijua. Siliandiki kwa sababu hakupenda kutajwa. Hata simu ikilia aliitika "ndiyo" peke yake, na haikulia mara nyingi. Habari za watu wake niliuliza mara moja tu. Akaniambia, "Mama Simiyu, kazi ya kuuliza ni yangu," akacheka kidogo, tukaachia hapo.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, goti moja bovu. Alivaa gambuti na sketi nzuri ya kazini kwa pamoja, na hakuona ubaya. Miwani aliitafuta nyumba nzima ikiwa kichwani. Sufuria yake ilikuwa ndogo hata nikamwambia, "Daktari, hii ni ya kuchemshia yai la njiwa." Akapika humo miaka yote. Na alikula amesimama, karibu na dirisha, sahani mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa. Viti vilikuwepo. Nilivinunua mimi.

Ukimpelekea maharagwe, sahani ilirudi na pakiti ya chumvi. Ukimpelekea sukuma, ilirudi na kiberiti. Nilichoka nikamwambia, "Unanilipa kama hoteli." Akasema, "Na wewe unanipikia kama hoteli?" Nikachukua sahani na kiberiti chake, nikarudi kwangu.

Kuuliza alijua. Nimeona wengi waliosoma, wanauliza huku wanaangalia saa. Yeye alikaa kwa posho mili, mashine inanguruma, unga umemjaa kwenye nyusi, mpaka mwanamke aliyekuja na kikopo kimoja cha mahindi amwambie kwa nini ni kimoja. Alisikiliza mdomo umefunguka kidogo kama mtoto. Na kila asubuhi, kabla sijafungua kuku, alisimama mlangoni kwake akaniuliza, "Jana umekula nini, Mama?"

Mwanzo nilifikiri ni salamu. Nikajibu "chakula tu." Akabaki amesimama, anangoja. Ndio nikajua anataka jibu. Basi nikawa ninamwambia: viazi, kunde, ugali na maziwa ya mgando. Siku nyingine nikamwambia sikula, nilishiba mawazo. Hata hiyo aliipokea vizuri. Watoto wangu watano wako Nairobi na Uarabuni, wananipigia simu, wananiuliza kama mvua imenyesha.

Sasa hiyo bajeti. Mimi bajeti niliyojua ni ya matanga. Mtu akifa, kamati inakaa kwako, mnaandika jeneza, hema, viti, chakula, gari la kwenda mochari, halafu mnachanga. Kwa hiyo Mama Wanjiru, jirani yangu mwenye duka, alipopita asubuhi akamwona Daktari na makaratasi barazani kwangu, anauliza bei ya kukodi viti, alikwenda akafunga duka. Akarudi amefunga leso kiunoni, uso wa huzuni.

"Nani ametuacha?"

"Hakuna mtu," nikasema.

"Na hiyo bajeti?"

"Ni ya utafiti."

Akamwangalia Daktari, akaniangalia mimi. "Bajeti bila maiti. Kwani nyinyi mna wazimu?" Lakini hakuondoka. Alikaa akanywa chai, akamwambia ni nani anakodisha viti kwa bei ya chini, na ni nani ambaye viti vyake vinachana nguo.

Daktari hakuanza na pesa. Alianza na mvua. Aliniuliza ni mwezi gani barabara ya Kapsokwony inashinda pikipiki, na mtu akikwama kule juu atalala kwa nani. Aliuliza siku za soko la kule Kwanza, kijiji cha nje ya Kitale, kwa sababu siku ya soko wanawake huwakuti nyumbani. Aliuliza wanaume wanarudi saa ngapi, ili amalize kuuliza kabla wao hawajaanza kujibu. Yote hayo aliyageuza siku, na siku akazigeuza nauli. "Bajeti ni ndoto, Mama," aliniambia, "tofauti ni kwamba hii ina nauli ndani yake."

Na utafiti wenyewe ulikuwa wa jambo ambalo sisi sote tunalijua na hatulisemi: kwa nini mtu anayelima mahindi analala njaa mwezi wa sita. Chuo kilikuwa kimemwambia mwisho wa mwaka anastaafu. Kazi nyingine zote alizofanya, alisema, zilikuwa za kujifunza njia tu. Hii ndiyo alikuwa anaiendea tangu awe msichana. Akiikosa, hakuna nyingine.

Lakini lazima niwaambie habari ya kule Kwanza, la sivyo mtamwona ni mkaidi bure. Hiyo ilikuwa msimu mmoja nyuma. Alitaka kwanza kuonja hilo swali kwa nyumba chache, nikaenda naye kumwonyesha njia kwa sababu huko wanawake wananijua. Tuliingia kwa mama mmoja mjane. Boma safi, limefagiwa mpaka udongo unaonyesha mistari ya ufagio. Daktari akakaa, akauliza kwa ile sauti yake ya chini, "Mama, jana jioni hapa mlikula nini?"

Yule mama akaangalia mlango. "Ugali na kuku."

Daktari akaandika. Mimi nilijua si kweli, jiko lilikuwa baridi, majivu ya juzi. Lakini huwezi kumwumbua mwenye nyumba mbele ya mgeni. Tukaendelea. Mara nikasikia kuku analia nyuma ya nyumba, halafu akanyamaza.

Kwetu mgeni haondoki bila kuku. Iwe mwezi wa kuvuna, iwe mwezi wa njaa. Mama yule alituma mtoto kwa jirani kuomba unga, akatuchinjia kuku wake wa mayai, na firigisi, ambayo ni ya mwenye heshima, ikawekwa upande wa Daktari. Kukataa ni kumtukana. Tukala. Watoto walikaa nje, wametupa mgongo, kwa sababu wamefundishwa adabu.

Njiani Daktari akakaa juu ya karavati, goti amelinyoosha.

"Alisema jana walikula kuku," akaniambia.

"Alidanganya. Ni aibu tu."

"Hapana. Alikuwa ananiambia nitakachokula mimi." Akalisugua goti. "Mayai yalikuwa ya nini?"

"Ya kuuza. Anunue chumvi, sabuni."

"Na sasa?"

"Sasa hakuna. Si tumekula kuku? Wacha, Daktari. Umekaribishwa, umekula, mambo yameisha."

Hayakuisha. Mtu mwingine angesahau kwa chai ya jioni. Yeye alirudi nyumbani, na kwa siku nyingi hakuniuliza asubuhi nimekula nini. Alipita akanisalimia kwa kichwa tu. Nilikuwa ninatoka nje ninasimama pale karibu na banda la kuku, ninajifanya ninatafuta kitu.

Ndipo bajeti ilipokuja akaweka mstari wake: unga na sukari, kwa kila nyumba atakayoingia. Vitolewe mlangoni kabla ya swali, ili mwenye nyumba awe na kitu cha kumpikia mgeni na kingine kibaki, na kuku aendelee kutaga. Mstari mmoja. Kwenye karatasi ulikuwa mfupi kuliko wa betri za tochi.

Wale wa pesa, ndivyo alivyowaita, hawakuutaka. Walisema pesa yote imezidi, apunguze. Basi akaanza kupunguza, na nikaona ana ukatili, lakini kwa mtu mmoja tu. Alifuta gari lake, akaandika bodaboda. Alifuta kitanda cha Kapsokwony, akaandika atalala kwa mchungaji, kwenye kochi. Vijana wake wa kusaidia kuuliza hakuwagusa, wao walibaki na chakula na nauli na koti la mvua.

Nikamwambia, "Na hilo goti, na ile milima, utarudi umebebwa."

"Kubebwa hakuko kwa bajeti," akasema.

Akapeleka. Ikarudi. Kulikuwa na mstari wa chakula cha mchana hotelini, hapa mjini Kitale, cha wakubwa watakaokaa kujadili njaa. Huo walisema ni mzuri. Kulikuwa na maji ya chupa. Kulikuwa na tishati. Uliokataliwa ni unga, ati unaharibu majibu, ati mtu ukimpa unga atakuambia unachotaka kusikia. Alizungumza nao kwa simu barazani kwangu, sauti amefungulia, kijana fulani anamjibu kwa heshima nyingi.

"Na kuku wao," Daktari akauliza, "kuku haharibu majibu?"

"Kuku gani, Madam?"

"Ambaye mwenye nyumba atanichinjia."

Tukasikia karatasi zikifunuliwa. "Madam, kwenye hiyo fomu hakuna mahali pa kuku."

Mama Wanjiru alikuwepo, akacheka mpaka akashika nguzo. Daktari hakucheka. Alimshukuru yule kijana, akamwuliza kama amekula.

Hapo ndipo wanawake wa chama chetu cha kuchangiana tukaingilia. Tulikutana kwangu, na Mama Wanjiru, ambaye ndiye mwenyekiti, akamwita. Kila mmoja alikuwa amekuja na gorogoro moja, ule mkebe wa kupimia, ya mahindi, na tujue huo ulikuwa mwaka gani. Kuna mtu alitoa mbegu.

"Daktari, tumekaa tukaongea," Mama Wanjiru akasema. "Hao watu wako ni bahili. Sisi tutasaga unga. Wewe beba tu, uende na kazi."

Daktari alishika fremu ya mlango. Akatazama magorogoro yale moja moja. "Mama Wanjiru, nyumba yako si iko kwa zile nitauliza?"

"Iko."

"Sasa nichukue mahindi yako asubuhi, nikuletee saa sita, halafu nikuulize kama una njaa?"

Wanawake walicheka. Yeye alirudisha kila gorogoro mkononi mwa mwenyewe, kwa jina, akiinama kidogo kama anayepokea. Walipoondoka nilimfokea. Nilimwambia, "Wewe kupewa hujui. Ungekuwa unajua usingekuwa unakula umesimama kama polisi." Nilisema hivyo. Akaniambia, "Najua kupewa, Mama. Ninajua mpaka mwisho wake." Akaingia kwake.

Ni mtu ambaye angebaki barazani na mgonjwa asiyemjua mpaka ndugu waje, lakini akiugua yeye alifunga mlango kwa komeo. Ni mtu aliyejua majina ya watoto wa kila nyumba huko Kwanza, na Krismasi alikaa peke yake na redio. Nilimwita. Kila mwaka nilimwita. Alikuja, akanipa mkono, akaleta soda, akarudi kwake kabla chakula hakijaiva. Nilifikiri anatudharau. Baada ya ile safari ya kwa yule mjane ndio nilielewa kwamba alikuwa anaangalia sufuria yangu na kuhesabu tuko wangapi.

Ikafika siku ya mwisho. Ilikuwa asubuhi, jua zuri, nimeanika nguo. Aliniita, na yeye hakuwa wa kuita mtu. Kompyuta yake ilikuwa wazi mezani.

"Mama, wamesema nikifuta huu mstari mmoja, leo, Jumatatu tunaanza."

"Futa," nikasema.

"Nitaenda mikono mitupu."

"Utaenda. Mimi nitafunga unga wangu kwa leso, tutautoa mlangoni, nani ataona?"

"Halafu niandike kwamba hawakupewa kitu."

"Andika. Karatasi haipigi mtu."

Akaniangalia. Nikaona sharti nimwambie vizuri, kwa sababu ilikuwa kazi ya maisha yake na mimi sikutaka aikose. Nikavuta kiti. Nikamwambia, "Daktari, wewe ukikataa, wataenda wengine. Hao kuku watachinjwa tu. Na hao wengine hawatasikia kuku akilia. Afadhali wewe."

Hilo neno lilimwingia, niliona. Akaweka kidole juu ya ile mashine. Halafu akakitoa, akasimama, akapika chai kwenye ile sufuria yake ya yai la njiwa, akanigawia nusu. Tukanywa. Nguo zangu zilikauka, nikaanua. Jioni alikuwa ameifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza, na mstari ulikuwa bado umo.

Pesa ikaenda kwa wengine, kama nilivyosema. Nilikuwa nimesema kweli na haikunifurahisha. Walikuja vijana wasafi, wana vibao vya kubonyeza, wanaenda nyumba hadi nyumba. Kwangu pia walifika. Msichana mmoja akaniuliza, "Shosho, leo umekula nini?" Nikamjibu ugali na kuku. Na ilikuwa kweli, kwa sababu nilikuwa nimemchinjia yeye. Mama Wanjiru alisema ugali na kuku. Huko Kwanza kote walisema ugali na kuku. Wameandika, wameenda. Ati huku hakuna njaa sana.

Daktari aliyasikia hayo. Hakusema "si nilisema," na mimi ningesema. Chuo kilimuaga kwa keki na hotuba. Januari alihamia Bungoma, upande wa Kanduyi, kwa nyumba ya kupanga. Alinilipa kodi, akanilipa na kioo cha dirisha ambacho hata mimi nilisahau kilivunjika. Alifagia vyumba vyote viwili mwenyewe. Hakuna mtu amekaa humo mpaka leo. Wamekuja wenye pesa nzuri. Nimewaambia paa linavuja.

Mwaka huu viazi vimerudi mezani. Chama kikakaa tena, na safari hii hatukukaa kwa ajili ya mahindi. Tulibishana siku nzima, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kutisha, na wazee wetu wangesikia wangetufukuza. Tulipomaliza, mimi ndiye niliyetumwa.

Nilimkuta nyuma ya stediamu ya Kanduyi, chumba kimoja, mlango wa bluu. Alikuwa amezidi kukauka. Goti alikuwa analivuta. Aliponiona alisimama pale mlangoni, akaniuliza, "Jana umekula nini, Mama?" Nikamwambia. Nilimwambia yote, na ya juzi, na ya wiki nzima, tukiwa bado tumesimama pale kama mazuzu, na watu wanapita na mikokoteni.

Ndani kulikuwa na kiti kimoja. Akanipa mimi, yeye akakaa kitandani. Kompyuta ilikuwa dirishani, na mezani karatasi. Nikamwuliza bado anaandika nini. Akasema ile ile. Anaiandika upya, anaipeleka hapa na pale, inarudi. Ule mstari wanauona, wanamrudishia.

"Basi ndio nimekuja," nikamwambia. "Tulikaa, tukapitisha. Njoo bila hao watu wa pesa. Utakaa kwangu, vyumba viko. Uende nyumba zote, uulize yote, uandike kitabu chako. Na hatutakuchinjia. Maji tu. Kote, mpaka Kwanza, tumewatumia neno. Atakayeshika kisu atapigwa faini, na Mama Wanjiru ndiye wa kuitoza, unamjua. Mgeni ndiye anachinjiwa, Daktari. Sisi tumesema wewe si mgeni."

Aliinamisha kichwa. Huko stediamu walikuwa wanajaribu vipaza sauti, mtu anahesabu moja, mbili, moja, mbili. Alipoinua uso macho yalikuwa yamejaa, lakini sauti ilikuwa ile ile ya chini.

"Hapana, Mama. Mtanichinjia tu."

Nikamwambia hatutakuchinjia. Nikamwambia nimetoka Kitale mpaka hapa kukwambia hivyo, na mimi sisafirishi uongo. Huku ninasema huku ninaifungua ile hotipoti niliyobeba magotini tangu nyumbani, kwa sababu ilikuwa saa saba na mtu lazima ale. Mvuke ukatoka. Nikamtafutia paja, nikamwekea kwenye sahani, nikamshikisha mkononi.

Alitazama lile paja. Akanitazama mimi.

"Hapana, Mama. Mtanichinjia tu."